Toyota kuukuu inachemsha: rudisha mfumo wa kupoza ulivyotoka kiwandani

Mwongozo huu ni wa Toyota za miaka ya 1990 zenye injini za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE. Ndizo zilizomo kwenye Corolla AE100 (ile inayoitwa kikumi kwenye mitaa ya Kampala), AE110, Carina na Premio za kwanza. Mengi yanafaa pia kwa gari jingine lolote kuukuu la petroli lenye feni ya umeme, ila vipimo vyake uvithibitishe kwenye kitabu cha gari husika.

Gari la umri huu likichemsha kwenye mpando wa kwenda Kabale au kwenye foleni ya Jinja Road, mara nyingi injini haina kosa. Kosa liko kwenye marekebisho ya miaka mingi: themostati (kivali kinachofungua njia ya maji ya rejeta injini ikipata moto) imetolewa, feni imeungwa moja kwa moja, kifuniko cha rejeta ni cha gari jingine, chupa ya akiba imekuwa chupa ya maji ya kunywa iliyofungwa kwa waya, na ndani kuna maji ya bomba matupu. Kila moja lilimaliza shida ya siku hiyo. Yakikutana yote, gari halina tena mfumo wa kupoza, lina maji yanayozunguka tu. Kazi hapa ni kurudisha kila kitu mahali pake. Ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye spana namba 10, 12 na 14, plaisi, bisibisi, beseni kubwa na kipimo cha umeme cha bei rahisi.

Kwa nini themostati haitolewi

Utaambiwa kwamba themostati ni ya nchi za baridi. Si kweli, na kwenye injini hizi kuitoa kunaweza kuwa ndiko kunakochemsha gari.

Themostati ya injini hizi imekaa upande maji yanapoingilia injini, yaani mwisho wa mpira wa chini wa rejeta. Ina sahani mbili. Ya kwanza hufungua njia ya maji yaliyopozwa na rejeta. Ya pili, iliyo upande wa pili wa springi, huziba njia ya mkato ambayo huyarudisha maji ya moto kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, njia ya mkato iko wazi. Ikipata moto, ya rejeta hufunguka na ya mkato huzibwa. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto haipiti kwenye rejeta kabisa. Mjini kwa mwendo mdogo hutaona kitu. Ukianza kupanda kilomita nyingi ukiwa na abiria wanne na mizigo, rejeta inapoza sehemu tu ya maji na geji inapanda.

Asubuhi hasara ni nyingine. Injini inachelewa kufikia joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, plagi zinakuwa nyeusi, na unyevu unaoingia kwenye oili haukauki. Mwenye gari analalamikia mafuta, fundi anabadilisha plagi.

Kabla ya kununua chochote, jua linachemsha wapi

Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kutembea, tazama feni. Likichemsha kwenye mwendo wa kasi au mpando lakini foleni halina shida, tazama themostati, mirija ya rejeta iliyoziba, au uchafu kati ya rejeta na kondensa ya AC (ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele yake). Taa ya betri ikiwaka na joto likapanda kwa wakati mmoja, mkanda umekatika: mkanda uleule huzungusha altaneta na pampu ya maji. Simama hapohapo, usijaribu kufika kwenye kituo cha petroli kilicho mbele.

Maji yakipungua bila kuvuja popote, pima gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) kabla ya kutumia hata shilingi kwenye rejeta. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha, kabla haujapata joto. Ute wa rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha oili ni dalili mbaya pia. Ukiwa chini ya kifuniko cha oili tu, unaweza kuwa unyevu wa safari fupi, hasa kwa gari lisilo na themostati. Ikiwa gasketi imeungua, hedi lazima ishuke na ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Kwenye injini hizi upande unaokaa juu ya bloku usipinde zaidi ya milimita 0.05. Fundi akikuambia aikaze tu, mwache.

Na usiamini geji ya dashibodi kupita kiasi. Sensa yake inapima maji. Maji yakishuka chini ya sensa, inapima mvuke na hewa, na sindano inaweza kushuka huku hedi inaungua. Sindano inayoanguka ghafla kwenye mpando si habari njema.

Vitu vya kununua

Themostati mpya ya nyuzi 82 pamoja na ringi yake ya mpira. Hakikisha ina sahani ya pili chini ya springi. Zinauzwa nyingine zinazoingia vizuri lakini hazina sahani hiyo, na hizo ni sawa na kutokuwa na themostati. Kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9, ndicho kipimo cha shinikizo lake. Usiweke cha 1.3 ukidhani ndicho imara zaidi, maana kitachopasuka ni rejeta au mpira wa hita. Mpira wa juu, wa chini, na ile miwili midogo ya hita. Kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji) isiyochanganywa lita 3 au 4. Maji yaliyosafishwa lita 10 kwa kuchanganya na kusuuzia mara ya mwisho.

Maji hayo vituo vya petroli huyauza kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu ileile, na asidi ndani ya injini yenye hedi ya alumini ni mwisho wa hedi hiyo. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni safi ni bora kuliko ya bomba au kisima. Yaliyopita kwenye bati lenye kutu hayafai.

Pale soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utapata karibu kila kitu kilichotumika. Rejeta, mota ya feni, kava la feni na chupa ya akiba vya kutumika vinafaa ukivikagua. Themostati, kifuniko na mipira usinunue vilivyotumika hata kwa bei ya kutupa. Rejeta yenye matanki ya plastiki, kagua plastiki kwenye mkunjo wa juu: ikiwa imegeuka rangi ya kahawia na ina nyufa nyembamba, iache. Mirija yake ukiichungulia kwa tochi kupitia mdomoni isiwe na ukoko mweupe.

Hatua ya 1: Kumwaga

Injini iwe baridi, iliyolala usiku mzima. Kifuniko kikifunguliwa kwenye moto, maji yaliyokuwa yamezuiwa na shinikizo hugeuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyofungiwa huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni nyuzi 93. Kwa kifuniko kizima cha 0.9 maji hayohayo hufika kama nyuzi 116 Kampala kabla ya kuchemka. Nyuzi 20 hizo ndizo unazopoteza kifuniko kikichoka. Watu hununua rejeta mpya kwa sababu ya mpira mdogo wa kifuniko.

Chomoa waya hasi wa betri. Weka swichi ya hita kwenye joto kabisa. Fungua tapu ndogo ya plastiki chini ya rejeta kwa mkono. Ikikataa, usiilazimishe kwa plaisi, chomoa mpira wa chini badala yake. Kingia kwenye beseni na upime kilichotoka. Mfumo wote unachukua kati ya lita 5 na 6 kutegemea injini na gia. Zikitoka 3 tu, huenda nyingine zimebaki kwenye bloku, au gari lilikuwa linatembea na hewa. Bloku nayo ina tapu yake. Ikiwa imeshikwa na kutu, iache.

Kulanti ni tamu na ni sumu, mbwa na watoto huinywa. Usiimwage kwenye mtaro. Mitaro mingi ya Kampala huishia mfereji wa Nakivubo, nao huishia ziwani upande uleule tunakovuta maji ya kunywa. Ifunge kwenye jerikani, uulize gereji inayokusanya oili chafu.

Hatua ya 2: Kusafisha ndani na nje

Fuata mpira wa chini mpaka unapoingia kwenye injini. Kikombe cha alumini kilichokazwa kwa nati mbili ndicho chumba cha themostati. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri robo saa, kisha fungua taratibu ukienda mbele na nyuma. Skrubu zake zikikatikia humo, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki. Ukikuta chumba kitupu, au themostati iliyotobolewa matundu, umeshapata sehemu ya jibu.

Ingiza maji ya mpira wa bustani kupitia mpira wa juu kwenda kwenye injini mpaka yatoke safi. Rejeta isafishe kinyume: maji yaingilie chini yatokee juu. Halafu ipime. Ziba chini kwa kiganja, ijaze, achia ghafla. Maji yanapaswa kushuka kwa kishindo. Yakichuruzika, mirija imeziba. Rejeta ya shaba fundi wa rejeta anaweza kuifungua, kupitisha vyuma kwenye mirija na kuilehemu tena. Ya alumini na plastiki, badilisha.

Watu wengine hutia dawa ya kusafishia choo. Ina asidi ya haidrokloriki, inang'arisha kweli, na inakula alumini pamoja na ukoko.

Nje ndiko kunakosahaulika. Vumbi jekundu la murram huingia kati ya kondensa ya AC na rejeta, likachanganyika na wadudu na kuwa kama tofali. Ukitazama kutoka mbele unaona kondensa safi tu. Fungua vishikio viwili vya juu vya rejeta, ivute nyuma kidogo, tazama katikati. Osha kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine za kuoshea magari hulaza mapezi ya alumini, na pezi lililolala halipitishi upepo.

Hatua ya 3: Kupima na kufunga themostati

Hata mpya ipime. Itumbukize kwenye sufuria yenye maji, ining'inie kwa uzi isiguse chini, pasha moto pamoja na kipimajoto. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufikia nyuzi 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Hapa kwetu kuna jambo moja: Kampala maji yatachemka ukiwa ndiyo kwanza umefika kipimo hicho, na Kabale hutakifikia. Ikifunguka kwa wakati lakini ikakosa milimita moja ya mwisho huko milimani, si mbovu.

Ringi ya mpira huvishwa kwenye ukingo wa themostati wenyewe, pande zote mbili za ukingo ziwe ndani ya mfereji wa ringi. Usipake silikoni. Kwenye ukingo kuna kipini kidogo kinachochezacheza. Hicho hutoa hewa, kwa hiyo kielekee juu. Kikielekea chini, hewa itanaswa na utahangaika na hatua ya kujaza. Springi iangalie ndani ya injini. Kaza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka Nm 10 hivi, yaani nguvu ya kifundo cha mkono kwa spana fupi, basi.

Hatua ya 4: Mipira, kifuniko na chupa ya akiba

Mpira wa zamani usiuchokonoe kwa bisibisi kwenye shingo ya plastiki. Uchane kwa wembe kwa urefu, ubandue. Safisha shingo, ingiza mpya mkavu au na maji kidogo, usipake grisi. Klipu za springi za Toyota ni nzuri kuliko za skrubu kwa sababu hufuata mpira unavyopanuka. Tumia za zamani kama bado zinabana. Za skrubu ukizikaza mno hukata mpira au kuvunja shingo.

Mpira wa juu ukionekana umenywea gari likipoa, usinunue mpira, nunua kifuniko: kile kivali kidogo cha katikati kinachoruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa kimekwama. Na hakiwezi kufanya kazi kama mpira mwembamba wa chupa haufiki chini kabisa ya chupa. Ukiishia juu ya maji, rejeta itavuta hewa kila jioni. Ndiyo kasoro ya ile chupa ya kufunga kwa waya.

Hatua ya 5: Feni

Kwenye Toyota hizi swichi ya joto ya feni hufanya kazi kinyume cha matarajio ya wengi. Ikiwa baridi, chini ya nyuzi 83, inapitisha umeme na feni imelala. Ikivuka nyuzi 93, inakata, na feni inawaka. Maana yake waya wake ukikatika, feni huzunguka muda wote, na injini inabaki salama.

Kwa hiyo kupima ni rahisi. Rudisha waya wa betri, zungusha ufunguo kwenye ON bila kuwasha, chomoa soketi ya swichi. Feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, mota, fyuzi na rilei ni vizima. Kama hata hivyo feni haiwaki gari likipata moto, swichi imekufa. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei (badilishana na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi), kisha peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Mota inayozunguka kivivu brashi zake zimekwisha.

Fundi asiyejua mpangilio huu huunganisha waya mbili za soketi ili feni iwake, anashangaa haiwaki, anaipigia waya mpya kutoka kwenye ufunguo. Ukikuta waya huo, utoe. Ukiwa bila fyuzi unaweza kuunguza gari.

Mota ya kutumika ikishafungwa, pima upande wa upepo. Feni ya nyuma ya rejeta huvuta. Karatasi ukiiweka mbele ya grili inabandikwa. Ikipeperushwa, nyaya za mota zimegeuzwa, na feni inapambana na upepo wa safari. Kava la feni nalo lirudi mahali pake, bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni tu.

Hatua ya 6: Kujaza na kutoa hewa

Changanya kwenye jerikani safi kabla ya kumimina: nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa. Barafu si shida yetu, lakini dawa ya kuzuia kutu imo kwenye kulanti, na ikipungua chini ya theluthi moja hivi haitoshi. Kulanti tupu bila maji nayo haifai, inabeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Usichanganye aina mbili kwa kutazama rangi, rangi ni ya mtengenezaji.

Egesha gari pua ikiwa juu kidogo. Mimina polepole ukiminyaminya mipira. Washa bila kifuniko, hita kwenye joto, usikanyage mafuta. Usawa utashuka, ongeza. Mpira wa chini utakaa baridi kwa muda kisha upate joto ghafla: themostati imefunguka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, na hewa ya hita iwe ya moto kweli. Hita ikitoa ubaridi wakati injini ina moto, bado kuna hewa. Funga, jaza chupa mpaka kati ya LOW na FULL, acha lipoe usiku. Asubuhi fungua rejeta: inatakiwa ijae mpaka mdomoni. Irudie asubuhi mbili zinazofuata, ukitazama pia tundu dogo chini ya pampu ya maji. Mfumo ukirudi kwenye shinikizo lake, pampu iliyochoka huanza kutoa tone hapo.

Nyongeza moja inayostahili pesa

Geji ya kidijitali ya joto. Sensa huwekwa kwenye adapta ya alumini inayokatiza mpira wa juu. Pima kipenyo cha ndani cha mpira wako kabla ya kununua. Kata kipande cha mpira kifupi kidogo kuliko adapta, bana kwa klipu mbili. Sensa ya waya mmoja inahitaji ardhi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo funga waya kutoka kwenye mwili wa adapta mpaka kwenye bloku. Bila huo, namba itarukaruka au haitasoma kabisa. Umeme wa geji uvute kwenye fyuzi inayowaka na ufunguo, na uweke fyuzi yake ya ampea 1 au 2.

Kwenye foleni utaona namba ikipanda mpaka feni iwake karibu na 93, ishuke, ipande tena. Barabarani itulie kati ya 80 na 90. Ikipita 105 kwenye mpando, zima AC, fungua hita mpaka mwisho pamoja na madirisha, punguza gia na mwendo. Ikiendelea kupanda, egesha, zima, fungua boneti, na kifuniko usikiguse mpaka mpira wa juu ulegee mkononi. Maji baridi usiyamwage juu ya injini ya moto.

Kulanti ya kawaida ya aina ya zamani hubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000, lipi litangulie. Andika tarehe na aina yake kwenye kipande cha utepe ndani ya boneti, ili fundi mwingine asiongeze nyingine.